Mlima Uliotoka Arobaini

9 Juni

Kwa mjukuu wangu, mume wangu asiyeonekana,

Salamu nyingi. Mimi sijambo isipokuwa goti, na goti nalo halijambo likiwa limekaa. Mama yako kule mjini ni mzima. Ananipigia kila Jumapili kuniuliza kama nimekula, kana kwamba kula nimejifunza juzi. Haya anayaandika jirani yangu, yule mama fundi cherehani. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwonya asinisahihishe. Nikitoa neno baya aliandike vilevile lilivyo.

Umeuliza kwa nini nataka barua wakati simu zipo. Umesema mwenyewe kwamba huko kambini simu haishiki mpaka mtu apande juu ya tangi la maji. Sitaki mume wangu avunjike shingo kwa ajili ya "hujambo". Dereva wa lori la saruji anapita kwenu na anapita kwetu. Atabeba.

Barua yako nimesomewa mara mbili. Mara ya kwanza nilifurahi, mara ya pili nikaelewa. Unasema kazi yenu ni kulirudisha bonde zima, kuanzia kilele cha mlima mpaka kinamasi kule chini, na kwamba kupanda miti ni sehemu ndogo tu. Unasema visiki vya miti iliyokatwa zamani bado viko hai, vinatoa machipukizi, na ninyi mnachagua lililonyooka mnaliacha likue, mengine mnayapogoa. Kwa hiyo tumemsomesha mtoto mpaka chuo kikuu akalee visiki. Wenzako wa rika lako wanalea watoto. Sikulaumu. Nataka tu kujua nikiulizwa niseme mjukuu wangu ana kazi gani, maana nikisema "yaya wa visiki" watadhani nimeanza kuchanganyikiwa.

Halafu hili la kwamba "tumeufunga mlima" silielewi. Mlima una mlango? Ufunguo kaweka nani mfukoni?

Mwishoni umeuliza korongo la nyuma ya nyumba liko wapi sasa. Lipo. Halijambo, linakusalimu. Na umesema nihamie kwa mama yako kabla ya mvua za Novemba. Kwa mama yako kuna ngazi tupu, na jirani wa juu anaburuza viti kutwa. Mimi watoto wangu wote nimewazaa katika nyumba hii. Tuzungumze mengine.

Unakuja lini?

Bibi yako

(Mimi fundi naongeza hapa chini, yeye anadhani nimeshafunga bahasha. Korongo limefika kwenye ukuta wa jiko. Ikinyesha mvua moja kubwa jiko linakwenda, na kutoka jikoni mpaka chumba anacholala hapana umbali. Amenikataza kuandika. Sijaandika, nimeongeza tu.)


1 Julai

Kwa mke wangu mkubwa, mwenye goti,

Shikamoo Bibi. Nimefurahi kusikia goti lina afya likiwa limekaa. Mimi mzima. Mama nimeongea naye kutoka juu ya tangi, shingo haikuvunjika, na amesema unamjibu vibaya kila Jumapili. Nimemwambia hiyo ndiyo dalili kwamba umekula.

Mlima hauna mlango. Kuufunga maana yake tumekataza mifugo kuingia na watu kukata kuni kwa muda, ili machipukizi yasiliwe. Tumezungusha seng'enge upande mmoja. Kazi inakwenda vizuri. Wananchi wanashirikiana nasi vizuri sana.

Sasa la kwako. Nimeota ndoto, Bibi. Nimeota ukuta wa jiko lako unachungulia korongo. Usinicheke, ndoto zingine ni za kweli.

Maji yanayolichimba hilo korongo si ya kwako. Yanatoka juu, kwa Bibi Mdogo. Babu alipogawa shamba alimpa mke mdogo mgongo wa kilima cha hapo kwenu, wewe akakupa tambarare. Yeye matuta yake anayavuta kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo kila tuta ni barabara ya maji kuja nyumbani kwako. Hata ukijaza mawe kwenye korongo mpaka uchoke, mvua ikija itayabeba. Dawa inaanzia juu. Achimbe mitaro inayokata mteremko kwa ubavu, maji yasimame yanywewe na ardhi. Na ule ukanda wa juu kabisa, wenye mwinuko mkali, auache usilimwe, majani yaote. Sisi huku tunafanya hivyohivyo, ila kwa bonde zima.

Mimi siwezi kumwambia. Yeye ni mke mwenzio, wewe ndiye mkubwa. Najua hamjasemezana tangu msiba wa Babu. Lakini mvua haijui habari za msiba.

Mjukuu wako


22 Julai

Mume wangu,

Hatujambo. Mama yako amenunua pazia jipya na amenieleza rangi yake kwa muda mrefu. Mbuzi amezaa. Dereva wa lori amepata jino la dhahabu, sasa anacheka hata pasipo na sababu.

Barua yako alinisomea fundi, kama kawaida. Alipofika penye ndoto akakohoa. Nikamwambia soma. Akakohoa tena. Akasoma huku macho yake yakiwa kwenye cherehani. Mume wangu, wewe huoti. Tangu mtoto unalala kama gogo, nyumba ingeungua ungeamka asubuhi kuuliza chai iko wapi. Nimemnunia fundi tangu asubuhi mpaka alipomaliza sketi ya mteja, kisha nikamwita, maana hakuna mwingine anayeandika ninavyosema. Ameapa hataongeza tena. (Sijaapa. Nimesema nitajaribu. Fundi.)

Na wewe umenidanganya. "Wananchi wanashirikiana nasi vizuri sana." Hiyo ni sauti ya redio. Wewe ukiwa salama unanilalamikia chakula cha kambini: ugumu wa maharage, mpishi na chumvi yake. Safari hii chakula hukukigusa hata kwa neno moja. Wamekufanya nini?

Nimelifikiria hilo neno lako la kufunga. Ukimwambia mtu umefunga, anatafuta pa kupenya. Mlima wenyewe watu wameukata, ng'ombe wameukanyaga, na sasa ndio unatoa watoto kwenye visiki. Basi huyo ni mzazi. Mwanamke aliyejifungua hatumfungii, tunamlaza. Hashiki jembe, habebi ndoo, na watu hawapitipiti chumbani kwake na miguu ya matope. Waambie hivyo. Waambie mlima ni mzazi, mwacheni apumzike. Nione mwanamume atakayebisha, halafu arudi nyumbani kwa mkewe.

Kuhusu yule wa juu sina la kusema. Alikalia kiti changu kwenye msiba wa mume wangu, mbele ya watu, na nilipofika hakuinuka. Leo nipande na goti hili nikamwombe aniteremshie maji polepole? Hapana. Fundi, andika hapana kubwa.

HAPANA.

Unakuja lini?

Bibi yako


10 Agosti

Kwa mke wangu mkali,

Shikamoo. Maharage bado ni magumu. Mpishi amebadilishwa, na huyu mpya chumvi anaitia kwa imani. Sasa utaniamini nikikwambia kwamba hali ni nzuri.

Haikuwa nzuri. Seng'enge waliikata mara ya kwanza tukairudisha, mara ya pili wakaichukua yote pamoja na nguzo. Pikipiki yangu walitoa upepo magurudumu yote mawili. Niliitisha mkutano, akaja mtu mmoja tu, mkubwa wa wafugaji, sisi tunamwita Mzee wa Fimbo. Alikuja kunijulisha kwamba Jumatatu ataingiza ng'ombe, nisije nikasema hakuniambia. Sikutaka kukuandikia hayo kwa sababu najua ungekuja mwenyewe na kisu cha jikoni.

Barua yako ilifika mwishoni mwa Julai. Nikaenda kisimani, walipo kina mama, nikawaambia kama ulivyosema. Kwanza walinicheka. Kijana wa chuo anasimama katikati ya ndoo anatangaza kwamba mlima umejifungua. Halafu mkunga wao, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kengele, akageuka kumtazama Mzee wa Fimbo aliyekuwa ananywesha ng'ombe. Akamwuliza, "Wewe mkeo alipojifungua ulimtuma kuni?" Mzee akasema hapana. "Ulipitisha ng'ombe chumbani?" Mzee akakaza macho kwenye maji.

Siku ileile ng'ombe wakashuka. Seng'enge imerudishwa, imewekwa mlangoni pa ofisi yetu bila maneno. Sasa hata watoto wakikaribia mlima wanaambiwa wapunguze sauti. Bosi ananidai ripoti na sijui huyu mzazi nimwandikeje.

Machipukizi yananifika magotini. Nikipita asubuhi nasimama kuyatazama, naona haya mwenyewe.

Bibi, neno lako nimelichukua bila kubishana. Sasa chukua langu. Panda ukaonane naye.

Mjukuu wako


8 Septemba

Mume wangu mwenye mlima,

Barua yako ilikaa kwenye lori muda mrefu, lori lilivunjika ekseli, dereva akakaa njiani akicheka na jino lake. Lakini imefika na nimefurahi mno. Nimemwambia fundi aisome mbele ya wateja wake. Sasa mnajua nani anafaa kuwa bosi huko kwenu. Mshahara wangu watautuma kwa nani?

Sisi hatujambo. Mama yako pazia amelirudisha dukani. Mtoto wa mbuzi anapanda juu ya kila kitu, juzi tumemkuta juu ya cherehani. Jua ni kali, udongo umepasuka, na huku wazee wanasema mvua za mwaka huu zitakuja na hasira.

Korongo limesogea kidogo, kama mgeni anayesogeza kiti. Nimehamisha sufuria.

Yule wa juu nilitaka kumwendea. Nilifika kwenye kijia, goti likakataa. Nikarudi.

Bibi yako

(Goti halikukataa. Alimwona Bibi Mdogo barazani kwake akageuka. Fundi.)


12 Septemba

Bibi,

Shikamoo. Sijapata barua yako, labda iko njiani. Hii ni fupi, unisamehe.

Juzi asubuhi nimesikia kengele za ng'ombe. Si wawili watatu. Wote. Wamepanga msururu wanaupanda mlima, Mzee wa Fimbo yuko mbele amevaa shati lililopigwa pasi. Nikakimbia mpaka pumzi ikanikatika. Nikamwuliza kuna nini.

Akanipa mkono. "Hongera," akasema. "Mzazi ametoka arobaini."

Nikabaki nimemshika mkono.

"Tumehesabu," akasema. "Mkunga amehesabu na mimi nimehesabu. Tumeongeza na siku moja ya heshima."

Bibi, hawakuvunja ahadi. Wameishika kuliko mimi nilivyoishika. Kina mama walikuwa pembeni wanapiga vigelegele. Ningesemaje? Mlima unahitaji miaka. Mimi nilisema mzazi, wao wakasikia mzazi, na kila mtu mwenye akili anajua mzazi hukaa siku arobaini.

Mpaka jioni upande wote wa mashariki ulikuwa umeliwa. Machipukizi niliyokuambia. Yamebaki vijiti.

Neno lilikuwa lako. Nifanye nini?

Mjukuu wako


30 Septemba

Mume wangu,

Pole. Nianze na pole, kwa sababu baada ya hapa nitakuudhi. Nimecheka. Nimecheka mpaka fundi amevunja sindano. "Siku moja ya heshima." Huyo Mzee wa Fimbo wako nampenda, kama hana mke niletee.

Kisha nikaacha kucheka, maana nimekujua tangu unatambaa. Wewe kitu chako kikiharibika hulii, unainama unachimba chini na kijiti. Najua uko hapo unachimba.

Unaniuliza ufanye nini. Sijui. Nimezaa watoto, mlima sijauzalisha. Neno langu lilikuwa la chumbani, mimi nikalituma mlimani, wewe ukalipokea kama lilivyo, na wote wawili hatukufikiria siku ya kutoka. Sasa rudi kwao. Usipeleke neno jingine zuri. Kaa chini, wakucheke mpaka watosheke, ndipo uwaambie ukweli, kwamba ni miaka, na uwaulize wao wataishije hiyo miaka. Hilo la pili hujawahi kuwauliza. Ningekuwa na ng'ombe ningekata seng'enge yako mimi mwenyewe.

Nilipofika hapo fundi aliweka kalamu chini. Nikamwuliza kuna nini.

"Hakuna," akasema. "Nilikuwa nafikiria nani mwingine anatakiwa aende akakae chini achekwe."

Huyu mwanamke ana mdomo. Barua nimeisimamisha hapo.


4 Oktoba

Naendelea. Nimepanda.

Nilimkuta yule wa juu barazani anachambua maharage. Hakuinuka.

"Karibu, dada," akasema. "Leo goti limekuruhusu?"

"Halijaniruhusu. Nimeliburuza."

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Jiko langu ndilo linalokufa."

"Naliona. Mimi niko juu, kila kitu naona. Hata siku ile uliyogeuka njiani nilikuona. Nimekuwa nakusubiri uje kunitukana."

"Nimekuja kuomba."

Akaweka ungo chini. "Ngoja nikae vizuri," akasema, "hili sitalisikia mara mbili."

Akaingia ndani akatoka na kiti. Nikakitazama. Akaniambia, "Kaa, si kile."

Nikakaa. Nikamweleza yote, mitaro ya ubavu, ukanda wa juu, kama ulivyoandika. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo tangu aolewe hakuwahi kulifanya. Nilipomaliza akasema, "Sawa. Nikiacha ule ukanda, na mitaro ikanilia nafasi nyingine, mimi nitakula nini?"

Nikasema Mungu atatoa.

"Mungu ametoa udongo, dada, na wote uko kwako. Kila mvua unateremka. Mahindi yako yamenenepa kwa shamba langu miaka yote hii, mimi nimebaki na mawe. Nipe kipande cha tambarare nilime, na mimi nitaupumzisha mgongo."

"Kipande kipi?"

"Kile cha mbele ya mlango wako."

Sikiliza huyo mwanamke. Hicho ndicho kipande changu kizuri kuliko vyote. Na akikilima, kila asubuhi nikifungua mlango wa kwanza kumwona ni yeye, ameinama, amenipa mgongo. Nikamwambia nitafikiri. Akaniambia nifikiri haraka, maana mawingu hayamsubiri mtu afikiri.

Nimeshuka na hasira mpaka goti nimelisahau. Unakuja lini? Nakuuliza kila barua na kila barua unaruka kama mtoto wa mbuzi.

Bibi yako

(Safari hii sina la kuongeza. Kasema yote. Fundi.)


20 Oktoba

Kwa mke wangu mpanda milima,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nimesimama, sikukaa mpaka Bibi Mdogo alipokuletea kiti.

Nilikwenda kama ulivyosema. Walicheka. Walicheka mpaka Mzee wa Fimbo akakaa chini akafuta machozi kwa kofia. Nikawaambia kosa si lao, ni letu, huyu mzazi hakujifungua mtoto mmoja, kila kisiki ni mtoto, na wako wasiohesabika, na wengine watazaliwa mvua hii na ijayo. Mkunga akasema ningemweleza hivyo toka mwanzo asingepoteza muda kuhesabu. Akasema mwanamke wa namna hiyo haangaliwi siku, anaangaliwa hali.

Ndipo nikawauliza wataishije. Hapo kicheko kikaisha. Walisema mambo ambayo nimekaa nao mwaka mzima sijayasikia. Kiangazi ng'ombe hawana pa kwenda zaidi ya mlima kwa sababu ukingo wa kinamasi tuliwazuia pia. Sisi tuliwazuia, Bibi. Juu tumezuia, chini tumezuia, tukawaambia tunarudisha bonde lenu.

Tumebishana siku kadhaa. Ukingo wa kinamasi upande mmoja utaachwa kwa mifugo wakati wa kiangazi. Mlimani ng'ombe haingii, ila majani yatakatwa kwa mkono na kubebwa kupelekewa ng'ombe zizini. Mpaka lini? Mzee wa Fimbo ndiye aliyesema: mpaka dume lake kubwa likinyanyua kichwa lisifikie ncha ya chipukizi. Familia mbili zimekataa, zimehamisha mifugo kwa hasira, na sijui kama zitarudi. Upande wa mashariki tunaanza upya. Mizizi ipo. Mzee wa Fimbo anakusalimu, mke anaye.

Kuhusu kile kipande sikushauri. Ni chako. Lakini mkikubaliana, mtaro usichimbwe kwa macho. Funga kamba kwenye vijiti viwili vya urefu sawa, katikati ning'iniza chupa ndogo ya maji iliyolala, usiijaze kabisa, kibaki kipovu cha hewa. Kipovu kikikaa katikati, hapo ni sawa, chimba. Kikikimbilia upande, sogeza kijiti. Udongo tupia upande wa chini.

Unaniuliza nakuja lini. Likizo yangu ni Desemba. Nimekuwa naruka kwa sababu mvua itanitangulia. Naogopa kushuka kwenye lori nikakuta hakuna nyumba. Ndiyo hiyo. Nimesema.

Mjukuu wako


28 Novemba

Mume wangu,

Mimi sijambo. Fundi hajambo. Mama yako alikuja kwa siku tatu, akalala na viatu kitandani akihofia, amerudi mjini jana. Yule wa juu hajambo, yuko hapa pembeni anasikiliza ninavyosema na anatikisa kichwa.

Jiko limekwenda. Nakuambia mwenyewe, mtu asije akaongeza chini.

Kipande nilimpa. Nilikesha na hasira, asubuhi nikafungua mlango nikakitazama, nikaona nitakitazama vizuri zaidi nikiwa na nyumba. Nikamtuma fundi akamwambie. Akajibu, "Mwambie aje aniambie mwenyewe." Nikapanda tena. Huyu mwanamke ataniua kwa kunipandisha.

Tulichimba mimi na yeye, wakwe zake wawili, na fundi aliyefunga cherehani akaja na jembe la kuazima. Kipovu chako kilitutesa. Yule wa juu anasema kiko sawa, mimi nasema hakiko sawa, chupa yenyewe imelala hapo haina ubavu wa kusema. Mtaro wa juu tuliumaliza, wa katikati tuliumaliza. Wa chini, ulio karibu na kwangu, tuliumaliza kwa kulipua tu, harakaharaka, kwa sababu mawingu yalikuwa yameshasimama mlangoni.

Mvua ikashuka mchana. Mwanzoni nilisimama dirishani nikaona korongo tupu na maji hayaji. Nikasema mjukuu wangu kumbe alisoma. Halafu mtaro wa chini ukapasuka mahali pamoja, palepale nilipobishana na kipovu, na maji yakaja yote kwa mara moja. Ukuta wa jiko haukuanguka, uliketi, kama mtu aliyechoka. Paa likafuata. Nilitoka na jembe, sijui nilitaka kulifanyia nini.

Nikamwona yule wa juu anateremka mbio, gunia kichwani, umri ule, anateleza anainuka. Fundi akatokea na magunia yake ya vitambaa. Tuliyajaza mawe na udongo, tukayasukumiza kwenye ule mpasuko, yeye upande ule na mimi upande huu, tunatukanana. "Sukuma, mama, hukuja hapa kupiga picha," ananiambia mimi. Kina mama wazima. Tukaziba. Maji yakapungua, yakaanza kuja kidogo kidogo, yakawa yanatembea badala ya kukimbia.

Nyumba imesimama. Korongo limekoma pale palipokuwa na mafiga. Kutoka hapo mpaka ukuta wa chumba changu paka anaweza kulala akajinyoosha, paka mwembamba. Halijapona, na mimi sitakudanganya. Mtaro wa chini tunauchimba upya, safari hii chupa anashika fundi na sisi wawili tumekatazwa kusema. Kwenye kingo tutapanda matete na majani. Ule ukanda wa juu umeanza kuota vitu, yule wa juu anaupitia kila jioni na kuniletea habari kana kwamba nimemwuliza.

Napikia sebuleni. Yeye akitoka kulima kile kipande anaingia, analalamikia moshi, anakula, anaondoka. Chumvi nikizidisha ananiambia. Nimeshaanza kupika kwa sufuria kubwa.

Ulisema unaogopa kushuka kwenye lori. Basi usishukie barabara ya chini. Mwambie dereva akushushe juu. Ingia kwake kwanza, msalimie, kaa kwenye kiti atakachokupa, kula atakachokupa, usitazame saa. Mwulize mitaro imekula sehemu gani ya shamba lake, akuonyeshe, umpe pole. Kila kinachonifikia mimi kinaanzia kwake, na wewe anzia huko.

Ndipo uje kwangu. Na ushuke polepole, kama maji yanavyoshuka siku hizi.

Bibi yako